Programu ya kupigia kura picha: mwongozo kwa anayeijenga baada ya kazi

Maswali ni yale yale: nitumie lugha gani ya programu, seva ni shilingi ngapi, na nikishamaliza nitawapataje watu? Wengi wanaouliza ni vijana wa hapa hapa Kigoma, wa Mwanga, Gungu na Ujiji, wenye kazi zao za mchana na laptopu ya usiku. Nayajibu yote hapa, lakini ujue mapema kwamba mawili ya kwanza ni mepesi. La tatu ndilo linaloua miradi, kwa hiyo mwongozo huu umeegemea huko.

Programu yenyewe ni hii: mtu anapakia picha, watu wasiomjua wanaipigia kura, naye anapata jibu la kweli. Wamarekani wana Photofeeler, ambako ukipima picha za wenzako unapata nafasi ya kupimiwa yako, au unalipia. Sisi tuna sababu yetu. Muuzaji dagaa wa Kibirizi anamuuzia mtu wa Dar es Salaam ambaye hawajawahi kuonana, na kinachoanzisha mazungumzo ya bei ni picha iliyo kwenye stetasi. Akiwauliza jamaa zake aweke ipi, wote watamjibu "nzuri sana dada, hongera". Heshima hiyo ni nzuri kwa kuishi na watu, ila kwa kupima picha haisaidii.

Kabla ya kuanza

- Kompyuta yoyote inayofungua kivinjari na kihariri cha maandishi bila kukwama.
- Simu ya Android ya bei ya chini, ya watu wengi, ya kujaribia. Usijaribie kwenye simu yako nzuri.
- Ujuzi wa kawaida wa HTML, JavaScript na hifadhidata. Hujafika hapo? Hatua ya 1 hadi ya 3 hazihitaji programu yoyote, anza nazo huku unajifunza.
- Bando la uhakika, na mahali pa kuchajia umeme ukikatika.
- Watu 20 hadi 30 wenye shida inayofanana. Hawa ni muhimu kuliko vyote vilivyotajwa juu, na kama huna, usianze.

Hatua ya 1: Chagua kundi moja na swali moja

Usijenge programu ya "picha zote". Picha ya wasifu wa kazi, picha ya kitenge, picha ya ndoo ya mawese na picha ya harusi hupimwa kwa macho tofauti. Anza na kundi moja: wauza dagaa na migebuka, wauza vitenge, au mafundi wa studio. Mimi ningeanza na bidhaa, si sura za watu. Bidhaa haiumii ikiambiwa haivutii.

Kisha andika swali moja ambalo mpiga kura atalijibu bila kufikiri sana. "Picha hii ni nzuri?" ni swali baya. "Ipi ingekufanya uulize bei?" ni swali zuri, kwa sababu linauliza kitendo.

Onyo: usitumie nyota moja hadi tano. Watu wetu ni wapole, kila picha itapata nyota nne na hutajifunza chochote. Weka picha mbili za bidhaa ileile ya muuzaji yuleyule, mpiga kura achague moja. Hapo hakuna muuzaji anayeshindanishwa na mwenzake wa meza ya jirani.

Hatua ya 2: Ifanye kwa mkono kwenye WhatsApp

Fungua grupu, waingize watu wako, na usiandike hata mstari mmoja wa programu.

Tuchukue jozi ya kawaida. Picha A: dagaa wametandazwa kwenye turubai zima, aliyepiga kasimama mbali, kivuli chake kimelala juu yao. Picha B: dagaa wa kujaa kiganja, kwa karibu, jua la saa moja asubuhi likiwapiga ubavuni hadi unaona kila mmoja na jicho lake. Ukituma A peke yake utapata dole gumba na "iko poa". Ukizituma zote mbili na lile swali la bei, yule yule aliyesema A iko poa ataandika B, na mwingine ataongeza bila kuulizwa: "hiyo A kama ina mchanga". Sentensi hiyo iandike pembeni, utaihitaji hatua ya 4.

Kura zisipigwe ndani ya grupu, watu wakutumie wewe inboksi. Zikionekana hadharani, wa tatu anamfuata wa kwanza na wa kumi hata picha hafungui.

Endelea hivi hadi wauzaji wenyewe waanze kukukumbusha: "leo hujatupimia?" Wasipokukumbusha, badilisha kundi au swali. Programu haitaleta hamu ambayo grupu halikuwa nayo.

Hatua ya 3: Panga uchumi wa kura kwenye karatasi

Hapa ndipo wengi hupita mbio. Programu ya aina hii haili pesa wala picha, inakula kura, na kura ni dakika za watu.

Tuseme kila jozi inahitaji kura 20. Ukiweka sheria ya "piga kura 20, upate jozi moja", hesabu inaonekana imelingana. Lakini mgeni umempa jozi ya kwanza bure ili aonje. Hizo kura 20 zake anazipiga nani? Wageni 50 wakiingia siku moja, una deni la kura 1,000 na hakuna wa kulilipa. Picha zao zinakaa na kura tatu tatu, wanaondoka, na hawarudi tena.

Mpango ninaoupendekeza:

1. Mgeni apige kura 5 kwanza. Hapo hapo anajifunza programu inavyofanya kazi.
2. Apewe jozi ya kuonja yenye kura 10 tu.
3. Kuanzia hapo, jozi ya kura 20 igharimu kura 25.

Mgeni amekuachia pengo la kura 5, na jozi yake inayofuata inaliziba lenyewe. Kura 25 ni kama dakika mbili za kugusa skrini, mtu anazimaliza akisubiri daladala ya Ujiji ijae.

Usilipe kura kwa pesa, hata shilingi ishirini. Siku unayoanza kulipa, umemwajiri mtu mwenye akaunti sita anayebonyeza bila kutazama.

Hatua ya 4: Jenga toleo dogo

Jenga tovuti inayofunguka kwenye simu na inayoweza kuwekwa kwenye skrini ya mwanzo kama programu nyingine. Linki inatumwa WhatsApp, mtu anagusa, anapiga kura. Kumwambia muuzaji wa Kibirizi apakue kitu cha megabaiti 40 kabla hajajua kina faida gani ni kumfukuza.

Lugha gani? Ile unayoijua. Kwa hifadhidata na akaunti, huduma za mtandaoni za Supabase au Firebase zina kiwango cha bure kinachotosha mwanzo wote. Unahitaji skrini nne tu: kupiga kura, kupakia jozi, matokeo, na akaunti. Mazungumzo ya ndani, wafuasi, mandhari ya giza, vyote hivyo acha.

Mambo madogo yenye uzito:

- Mtu aingie kwa akaunti ya Google. Simu nyingi za Android tayari zinayo, wakati namba za siri za kutumwa kwa SMS zinakugharimu kila moja.
- Picha zibadilishane nafasi bila mpangilio, A mara juu, mara chini. Usipofanya hivyo, ya juu itapendelewa na hutajua.
- Ukubwa wa picha zote mbili uwe sawa kabisa.
- Mpiga kura akishachagua, mpe sababu za kugusa mara moja: "kivuli", "iko mbali", "nyuma kuna vurugu", "kama ina mchanga". Hizi zitoe kwenye yale maneno uliyoandika pembeni. Usiweke nafasi ya kuandika maoni huru. Sehemu ya maoni ndiyo mlango wa matusi, na wewe una kazi kesho asubuhi.
- Mtandao ukikatika, kura ibaki kwenye simu na itumwe baadaye. Kila kura iwe na namba yake ya pekee, na hifadhidata ikatae mtu mmoja kuhesabiwa mara mbili kwenye jozi moja, la sivyo kura iliyotumwa tena itaongezeka.

Hatua ya 5: Punguza na safisha picha kabla haijatoka kwenye simu

Kamera ya simu inatoa picha ya megabaiti kadhaa. Ipunguze hapo hapo kwenye simu, upande mrefu uwe pikseli 720, uihifadhi kwa WebP au JPEG ya ubora wa kati. Lenga KB 80 hivi. Jozi moja ni KB 160, na anayepiga kura 25 anatumia MB 4. Ukiacha picha za KB 500, mtu huyo huyo anatumia MB 25 kukusaidia wewe bure. Bando lake likiisha atakukumbuka, ila si kwa wema.

Pakia mapema jozi mbili au tatu zinazofuata, usipakie zote.

La pili ni usalama. Picha ya simu hubeba taarifa zilizofichwa, EXIF, na humo mara nyingi mna mahali ilipopigwa. Muuzaji akipigia picha bidhaa nyumbani, umempa kila mtu ramani ya kwake. Ukiichora picha upya kwenye kanvasi ya kivinjari na kuihifadhi, taarifa hizo zinaondoka. Thibitisha mwenyewe kwa kufungua faili lililofika kwenye seva. Usiamini tu.

Hatua ya 6: Toa jibu la haki

Nadharia ni fupi, lakini usiiruke. Ukirusha sarafu mara 20, karibu nusu ya majaribio itakupa 12 kwa 8 au pengo kubwa zaidi. Maana yake, picha mbili zinazolingana kabisa zinaweza kutoka 12 kwa 8 kwa bahati tu. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "B imeshinda" kwa 12. Kanuni yangu: 15 kwa 5 au zaidi, tangaza mshindi. Kati ya 13 na 14, andika "inaelekea B". Chini ya hapo andika "zinalingana, tumia yoyote". Kuambiwa zinalingana nako ni jibu, kunampunguzia mtu kazi.

Kukamata wanaobonyeza tu, changanya jozi za mtego: picha moja safi, nyingine imetikisika hadi haieleweki. Anayekosea mitego miwili mitatu, au anayepiga kura chini ya sekunde moja kila mara, kura zake zisihesabiwe. Usimtangazie. Ukimwambia, anafungua akaunti nyingine.

Kitu kingine: mwulize kila anayejiunga kama ananunua au anauza. Wauzaji hutazama dagaa kama wauzaji, wanaangalia ukavu na saizi. Mnunuzi wa mbali anataka kuona usafi na kipimo. Matokeo yatenganishwe, na mwenye picha aonyeshwe kwanza ya wanunuzi.

Hatua ya 7: Sheria na ulinzi wa watu

Oktoba 2003, Mark Zuckerberg akiwa Harvard alitengeneza Facemash, tovuti ya kulinganisha sura za wanafunzi kwa picha alizozichukua bila ruhusa yao. Ilifungwa baada ya siku chache na akaitwa mbele ya uongozi wa chuo. Teknolojia yake ilikuwa nyepesi kuliko utakayoijenga wewe. Kilichomponza ni ruhusa.

Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuna masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, jambo linalokuhusu kama seva yako iko Ulaya. Isome, imeandikwa kwa watu.

Kwa vitendo:

- Mwenye picha akubali kwa kugusa kitufe, si kwa kunyamaza.
- Picha ijifute siku 30 baada ya matokeo.
- Kitufe cha "Ripoti" kionekane kwenye kila jozi, na ripoti mbili ziifiche picha hadi uikague.
- Picha za watoto hapana. Picha za watu wengine hapana. Sura kupimwa uzuri hapana, hata wakikuomba. Na wataomba.

Hatua ya 8: Ikuze taratibu

Watu wanaopima wakiwa wachache kuliko picha, ukuaji ni hasara. Kwa hiyo fuatilia namba moja tu: kati ya jozi zilizopakiwa jana, ngapi zimefikisha kura 20 ndani ya saa 24? Zikiwa chini ya tisa katika kila kumi, funga mlango wa wageni kwa muda na uwahimize waliomo. Watu 30 wanaopakia jozi mbili kwa wiki wanahitaji kura 1,200, yaani kura 40 kila mmoja. Ukijua hesabu hiyo, hutatamani tangazo la redioni mapema.

Njia inayofanya kazi kuliko matangazo ni kadi ya matokeo. Jozi ikikamilika, tengeneza picha moja yenye A na B pembeni kwa pembeni, "B 16, A 4", na linki chini. Muuzaji ataiweka stetasi mwenyewe, na wateja wake wataingia kupiga kura. Wateja hao ndio wanunuzi uliokuwa unawatafuta hatua ya 6.

Halafu jua kalenda ya kundi lako. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hutulia. Ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi wenyewe ulisimama. Ukiona kimya vipindi hivyo usianze kubomoa programu ukidhani imeharibika. Ndiyo sababu kundi la pili, vitenge au mawese, liongezwe pale kundi la kwanza likishatulia, na lisiwe na msimu uleule.

Hatua ya 9: Play Store na pesa

Play Store si haraka. Akaunti ya msanidi ni dola 25 mara moja, na akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 zinatakiwa kwanza kufanya jaribio la faragha lenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Hao 12 wapo kwenye lile grupu lako. Duka la Apple ni dola 99 kila mwaka, na kwa wateja wa Kibirizi sioni haja.

Pesa ianze kwa kitu kimoja: asiye na muda wa kupiga kura 25 alipie jozi yake. Mwanzoni pokea kwa simu na uthibitishe kwa mkono. Malipo yakiwa mengi hadi yanakuchosha, ndipo uunganishe na kampuni ya kupokea malipo kama Selcom au AzamPay. Lakini kumbuka kila jozi ya kulipia haiji na kura zake, inakula ziada ya wengine. Weka kikomo cha jozi za kulipia kwa siku.

Ukikwama

*Picha zinatokea zimelala ubavu.* Umefuta EXIF kabla ya kuigeuza picha. Mwelekeo nao huandikwa humo. Geuza kwanza, kisha safisha.

*Simu ndogo inafunga ukurasa wakati wa kupakia.* Picha ya megapikseli 50 ikifunguliwa yote inameza kumbukumbu ya simu. Shughulikia picha moja moja, usifungue zote mbili kwa pamoja, na mshauri mtumiaji apunguze ubora kwenye kamera.

*Hifadhidata haijibu baada ya kimya cha wiki nzima.* Miradi ya bure ya Supabase husimamishwa ikikaa siku saba bila shughuli. Iamshe kwenye akaunti yako. Kama inakutokea mara kwa mara, rudi hatua ya 2, shida si seva.

*Kura zote zinakwenda kwenye picha ya juu.* Mabadilishano ya nafasi hayafanyi kazi, au picha ya chini imekatwa na skrini fupi. Ijaribu kwenye ile simu ya bei ya chini.

*Jozi za usiku hazipati kura.* Usizitoe usiku. Ziweke foleni, zianze saa kumi na mbili asubuhi watu wanapowasha simu.

*Muuzaji amekasirika, anasema kura ni za majirani wenye wivu.* Mwonyeshe kwamba zote mbili ni picha zake mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Kisha mwonyeshe sababu zilizoguswa. Mtu akiona "kivuli" imeguswa mara kumi na moja, kesho anasogea upande wa pili wa turubai.

*Umechoka na kazi ya mchana inakudai.* Zima upakiaji, acha upigaji kura ukiendelea hadi foleni iishe, na uwaambie watu lini utafungua tena.